Mitungi Chini ya Kabichi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, watu walikuja kufukua bustani ya kabichi ya bibi yangu. Waliokuwapo asubuhi ile nawakumbuka wote, na ningependa majina yao yaandikwe sawasawa. Alikuwapo bibi mwenyewe, Kabula binti Maganga, ambaye kijijini aliitwa Ng'wana Maganga kwa jina la baba yake. Alikuwapo Masanja, mwanawe wa mwisho, yaani baba yangu mdogo. Alikuwapo Limi, mke wa Masanja. Mgongoni mwa Limi alikuwapo mtoto wao Shija, mgonjwa. Alikuwapo jirani yetu Holo. Alikuwapo Kishiwa, mwanangwa wetu, ndiye aliyekuwa msimamizi wa kijiji chini ya mtemi. Alikuwapo Lukelesha, mfumu, ambaye kwa Kiswahili ni mganga anayepiga ramli. Na nilikuwapo mimi, Mabula mwana wa Nkwabi. Baba yangu Nkwabi hakuwapo. Alikuwa Shinyanga akifanya kazi ya reli, na alipopata habari mambo yalikuwa yamekwisha.

Wengine walisimama nje ya ua wa minyaa. Hao siwataji, kwa kuwa nilisikia sauti zao tu.

Kijiji chetu, Mwambale, kiko upande wa Segese. Siku hizi ukisimama pale jioni unaona taa za mgodi, na barabara imejaa pikipiki za wachimbaji. Wakati ule palikuwa na ng'ombe, mtama, pamba na vumbi. Mama yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nililelewa na bibi, katika mji ulioanzishwa na marehemu babu Lugwisha. Kaburi la babu lilikuwa kando ya zizi. Bibi alipenda kusema kwamba nafasi yake ilikuwa hapo kando ya mumewe, na kwamba ng'ombe wakija kukanyaga kaburi lake hatajali, mradi wawe ng'ombe wa nyumbani.

Kabichi ilikuwa kitu kigeni kwetu. Mboga yetu ilikuwa mlenda, na majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo sisi Wasukuma tunayaita nsansa. Mbegu za kabichi bibi alipewa na mke wa mwalimu wetu wa shule ya misheni, mama mmoja aliyetoka Bukoba, zikiwa zimefungwa katika karatasi. Bibi akazisia kwenye kitalu chini ya kivuli cha nyasi, akahamisha miche, akainyunyizia majivu dhidi ya wadudu, akangoja. Majani yalipoanza kujikunja na kufunga, majirani walikuja kutazama. Hawakuwa wamewahi kuona jani linalojifungia ndani.

Siku ya kuvuna ile ya kwanza tulikaa uani sote. Masanja alishika kabichi mapajani akaanza kuifungua, jani baada ya jani, akitupa chini, akitafuta tunda.

"Mama, tunda lenyewe liko wapi?"

"Endelea, mwanangu."

Akaendelea hadi akabaki na kikonyo kidogo cheupe mkononi. "Mama, humu hamna kitu! Tumedanganywa na wamisheni."

"Tunda umelitupa lote chini," bibi alisema. "Sasa okota, ukaoshe mchanga."

Limi alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Wakati huo alikuwa mjamzito wa Shija. Bibi aliyapika majani yale kwa karanga zilizotwangwa, na Masanja alikula kuliko wote. Nasimulia hili kwa sababu baadaye watu walisema kwamba tangu mwanzo kulikuwa na chuki kati ya mama na mwanawe. Haikuwapo. Walipendana, na hilo ndilo lililofanya jambo lile lisiwe na dawa.

Shida ya bustani ilikuwa maji. Kiangazi mto wetu hukauka, na maji huchimbwa mchangani, unakinga kibuyu kimoja huku wengine wanangoja nyuma yako. Nani atamwagilia kabichi kwa maji hayo? Lakini bibi alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa uliopata ufa. Ulikaa pembeni mwa nyumba ukivuja kidogo kidogo, na pembeni yake ukaota mnyanya ambao hakuna aliyeupanda, ukastawi kiangazi chote. Bibi aliutazama mnyanya ule siku nyingi bila kusema. Kisha akaanza kuzunguka kwa majirani akiomba mitungi iliyopasuka.

Kazi yenyewe aliifanya hivi, nami nikiwa pamoja naye. Alichimba shimo katikati ya miche, akaufukia mtungi hadi shingoni. Pale penye ufa alipachika kitambaa kikuukuu ili maji yasitoke kwa haraka. Mdomo aliufunika kwa kigae, juu yake akatandaza nyasi kavu ili jua lisichome udongo na mbuzi wasivunje. Ukipita huoni kitu ila kabichi na nyasi. Alfajiri, kabla ya jua kutoka, tulijaza mitungi kwa maji tuliyokwisha nawia na kuoshea vyombo. Mtungi mmoja ulitosha siku kadhaa. Udongo ulibaki na unyevu chini huku juu ukiwa mkavu kama wa watu wengine.

Ukaja mwaka wa ukame. Mtama ulikufa ukiwa na urefu wa goti. Bustani zote za Mwambale zilikauka, na ya bibi ikabaki na kabichi kubwa kama vichwa vya ndama. Holo alipita asubuhi moja akasimama kwenye mwanya wa minyaa.

"Mwangaluka, mayu," aliamkia, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Hizi mboga unazimwagilia saa ngapi? Sijawahi kukuona na debe."

"Zinakunywa zenyewe," bibi alijibu. "Mimi najilalia tu."

Alikuwa akitania. Bibi alikuwa mtu wa utani na Holo alilijua hilo, kwani alicheka, akapewa kabichi, akaenda nayo. Lakini neno lile lilikwenda naye pia, na kadiri njaa ilivyozidi halikuchekesha tena. Watu wa kwetu walijua, na wengi bado wanajua, kwamba wako wanaofanya kazi usiku kwa ajili ya wachawi: misukule, watu waliodhaniwa kuwa wamekufa. Shamba linalostawi bila mtu kuonekana akilitunza lina wenyewe wasioonekana. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, nami nikiwamo.

Ndipo Shija akaugua. Alikuwa mtoto wa kutembea vizuri na kuongea mengi. Akaanza homa ya kwenda na kurudi, tumbo likavimba upande mmoja, viganja vikawa vyeupe. Bibi alimpikia mchuzi wa kabichi, alikunywa akatapika. Bibi akamwambia Masanja ampeleke hospitali ya misheni, mwendo wa siku moja kwa baiskeli. Masanja akasema atafanya hivyo baada ya kujua kilichomshika mtoto, maana hospitali hawaulizi nani, wanauliza wapi panauma.

Lukelesha aliitwa. Sitaki msomaji amfikirie kama tapeli. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyewaamkia wakubwa na wadogo. Kifaranga kilitiwa mate ya mtoto mdomoni, kikapasuliwa, naye akakitazama ndani muda mrefu, kama mwalimu anavyosahihisha hesabu. Kisha akasema kwamba kuna kitu cha nyumba ya Masanja kimefukiwa ardhini, na kwamba juu ya kitu hicho pana majani yasiyokauka.

Nimekaa na maneno hayo maisha yangu yote. Yalikuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata ndipo walipokuja wale niliowataja. Bibi hakuzuia mtu. Alimwambia Masanja achukue jembe lililo nyuma ya mlango kwa kuwa lake lilikuwa butu. Masanja alichimba mara chache tu jembe likagonga kigae. Akainama, akaondoa nyasi, akainua mtungi kutoka ardhini, maji yakicheza ndani.

"Huo mtungi wangu!" Holo akasema.

"Ni wako, Holo," bibi akajibu. "Ulinipa ukiwa na ufa. Ulisema haufai hata kunyweshea kuku."

"Nilikupa ukanyweshee kuku. Sikukupa uuzike!"

Ukatoka mwingine, na mwingine. Kila uliposimamishwa juu ya udongo, mtu wa nje alitambua wake, akataja jina lake kwa sauti, na ilikuwa kama watu wanaoitwa mmoja mmoja kwenda mahali wasikotaka. Bustani ile kumbe ilikuwa na kijiji chote chini yake. Mwisho ukatoka mtungi wa nyumba ya Masanja. Ufa wake ulikuwa umezibwa kwa kipande cha kaniki, na kaniki ile ilikuwa ya kumbebea Shija alipokuwa mchanga. Masanja aliitambua kabla ya mkewe.

"Mama," alisema.

"Limi alinipa mwenyewe," bibi alisema. "Niliomba kitambaa kibovu, akachana hicho. Limi, mwanangu, waambie."

Limi alikuwa akimtikisa mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa akilia. Alitazama chini.

"Sikumbuki, mayu."

Mimi nilikumbuka. Nilikuwapo alipochana, alitumia meno. Nikapaza sauti nikasema hivyo. Lukelesha akanigeukia, akachuchumaa ili awe sawa nami.

"Baba, nani hujaza maji humu?"

"Mimi na bibi."

"Wakati gani?"

"Kabla jua halijatoka."

"Kwa nini kabla jua halijatoka?"

"Bibi anasema jua likiona maji linayanywa."

Manung'uniko yakaanza nje ya ua. Kishiwa akasema, "Huyo mtoto asiulizwe tena," na Holo akanishika mkono akanivuta kwake. Sikuwa nimesema uongo hata neno moja. Kila jibu nililotoa lilikuwa sahihi, na kila moja lilimsukuma bibi mbali zaidi na mahali nilipotaka abaki.

Bibi hakukata tamaa bado. Aliomba maji, akaupandisha mtungi ule wa Masanja juu ya jiwe, akaujaza mbele ya wote. "Tazameni," alisema, "hakuna kitu hapa. Maji yanapita kwenye kitambaa, yanatoka polepole, mmea unakunywa. Basi. Tazameni wenyewe." Tukatazama. Kitambaa cheusi kilianza kulowana, tone likajikusanya, likaning'inia, likadondoka. Likafuata lingine. Bibi alikuwa akitabasamu kama mtu anayemfundisha mtoto kitu chepesi.

Lukelesha akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Na hivyo ndivyo mtoto anavyokwisha."

Limi alipiga ukelele. Na hapo ndipo nami nilipoogopa. Niliifahamu ile mitungi yote. Niliijaza kwa mikono yangu, mingine nilisaidia kuichimbia, nilijua ipi iliyokuwa na harufu ya maziwa na ipi ya pombe. Lakini nilipoona tone likidondoka kutoka kwenye kaniki ya Shija, kisha nikamtazama Shija, shingo yake ilivyolala begani kwa mama yake, nilimwogopa bibi yangu. Aliponinyooshea mkono nilijificha nyuma ya Holo. Ilikuwa hofu ya kweli, na ilidumu siku nyingi.

Kishiwa alitoa uamuzi palepale. Wako waliotaka nyumba ichomwe, na nje ya ua neno baya kuliko hilo lilitajwa pia. Yeye alikataa. Alisema Ng'wana Maganga ataondoka siku hiyohiyo, aende kwa kaka yake Jilala kule Ushetu, na akae huko mpaka mtoto atakapopona.

"Akipona utarudi, mama, nami mwenyewe nitakuja kukuchukua," alisema. "Akipona tutajua umemwachia."

Bibi aliuliza, "Na mtampeleka hospitali?"

Ilikuwa afadhali asingeuliza. Masanja alisema, "Mama, huchoki?"

Alifunga nguo zake katika shuka, akapita kwenye kaburi la babu bila kusimama, kwani watu walikuwa wakimtazama. Mitungi ilivunjwa yote. Kabichi ziling'olewa zikatupwa nje ya minyaa na hakuna aliyezigusa, katika mwaka ambao watu walikuwa wakichemsha mizizi. Jioni mbuzi walizila. Mbuzi hawakudhurika, na jambo hilo kila mtu aliliona na hakuna aliyelitaja.

Baba alipofika kutoka Shinyanga alimwendea ndugu yake, nami nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Masanja, nipe mtoto nimpeleke hospitali. Baiskeli ninayo."

"Lukelesha amesema asivushwe mto. Dawa imeanza kufanya kazi."

"Tazama tumbo lake. Inafanya kazi gani?"

"Kaka, ukimchukua akafia njiani, utanijibu nini?"

"Na akifia hapa?"

"Akifia hapa," Masanja alisema, "nitakuwa najua nani kamwua."

Baba akanichukua mimi, tukaenda Ushetu.

Kwa Jilala kulikuwa na mashamba ya tumbaku na mabanda ya kukaushia, na kazi haikukosekana. Bibi alifanya kila aliloambiwa, ila hakufungua mzigo wake. Shuka lile lilikaa pembeni mwa ukuta likiwa na fundo lake, akivaa nguo moja na kuifua jioni. Jilala alimwambia, "Dada, fungua basi, panya watakuingilia humo." Akajibu kwamba haina haja, atalifunga tena keshokutwa tu. Kila mpita njia aliyetoka upande wetu alimsimamisha, akamwamkia, akamuuliza kama Shija ameanza kula. Hakuna mtu Mwambale nzima, nadhani hata Limi, aliyeomba uzima wa mtoto yule kwa bidii kama yeye, maana ulikuwa uzima wa mjukuu wake na njia yake ya kurudi nyumbani pia. Usiku nililala kando yake. Hofu yangu ilikuwa imepungua lakini haikuwa imekwisha, na yeye aliijua. Hakunigusa mpaka nilipomsogelea mwenyewe.

Sasa mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye. Nimesoma shule za wamisheni, nimefanya kazi za ofisi, nimelea watoto waliosoma kunishinda. Kabichi imekuwa mboga ya kila mtu. Pale Segese mama lishe wanaikata nyembamba, wanaikaanga na karoti, wanawapakulia wachimbaji juu ya wali, na hakuna anayeuliza imefunga nini ndani. Mwaka jana bwana shamba alikuja kufundisha vijana wa jirani yangu kutoboa chupa za plastiki, kuzifukia kando ya miche na kuzijaza maji. Vijana walifurahi, wakapiga picha kwa simu. Nilitazama kwa mbali nikarudi ndani. Ningewaambia nini? Katika vijiji hivihivi, miongoni mwa watu wenye simu hizohizo, mwanamke akizeeka macho yakawa mekundu kwa moshi wa jikoni bado anaweza kuitwa mchawi na kushindwa kulala kwa amani.

Zamani nilidhani kilichokosekana ni mtu wa kueleza. Lakini bibi alieleza, nami nilieleza, na maji yenyewe yalionyesha mbele ya macho ya watu. Kilichotushinda sikukijua jina wakati ule na sikijui sasa. Nimejaribu mara nyingi kuwalaumu Masanja na Limi. Lawama haifiki mbali, kwa sababu walikuwa na mtoto anayekwisha mikononi mwao na mganga mpole aliyewapa sababu, na mimi, niliyejua kila kitu, nilijificha nyuma ya Holo.

Mvua za kwanza zilichelewa mwaka ule. Zilipokaribia, Kishiwa alifika Ushetu kwa baiskeli, peke yake. Bibi alimwona kutoka mbali akasimama, akakung'uta nguo, akaingia ndani kuchukua mzigo wake. Alitoka nao ukiwa kichwani. Kishiwa aliteremka, akaegemeza baiskeli kwenye banda la tumbaku, akamwamkia, akasema kwamba Shija mwana wa Masanja amefariki.